Mstari Mwekundu wa Afisa Utumishi

Yusna Pakaya alimenya vitunguu miaka kumi na tisa katika kiwanda cha vitunguu vya kukaanga mjini Palu, na hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi kwa jambo jingine. Siku ile alilia kwa hasira, ofisini kwa watu.

Mama yake alikuwa anaondoka Gorontalo kwenda kuhiji, baada ya kungoja zamu miaka ishirini na mmoja. Kwao, msafiri wa Makka haondoki kabla wanawe hawajampigia magoti, wakamshika mkono na kumwomba radhi. Na Yusna alikuwa na la kuomba: alitoroka nyumbani na mwanamume ambaye mama alimkataa, na tangu hapo ni salamu za simu tu. Mama ana miaka sabini na minane. Akifia huko je?

Yusna aliomba ruhusa kazini ya siku tatu. Barua yake ikalala mezani siku tano, hadi ikabaki kesho tu mahujaji waingie bweni la kungojea ndege. Ndipo Bwana Rifal, afisa utumishi, akamwita na kumgeuzia kompyuta. Mstari mwekundu ulitoka Palu hadi Gorontalo, umenyooka.

"Kanuni ni hii, mama. Chini ya kilomita mia nne kwa ndege, ruhusa siku moja. Hapa ni mia tatu na sabini. Hata saa nzima haifiki."

"Ndege gani inayopita kwenye huo mstari wako?"

"Kanuni haisemi ndege gani."

"Iliyopo inakupeleka kwanza Makassar, kusini huko, ndiyo urudishwe kaskazini! Na unajua vizuri, mkeo si wa Gorontalo? Sikukuu mlikwendaje?"

Rifal alikohoa. "Kwa gari."

"Mlitumia saa ngapi njiani?"

"Kumi na sita. Lakini mama, mimi sikuitunga hii..."

"Huna haya! Kata mshahara, fukuza, fanya utakalo. Mimi naenda."

Kuna watu wakishikishwa rula hudhani wameumba dunia. Huyu aliijua ile barabara, kona kwa kona, na bado akamsomea mwenzake karatasi.

Yusna alipanda gari mchana ule ule. Alipofika, lango la bweni la mahujaji lilikuwa limefungwa, na jamaa hawaruhusiwi. Alizunguka uzio akiita kama kichaa, mpaka kibibi kimoja kikaja kinajikongoja, kitambulisho shingoni.

Yusna alipiga magoti kwenye tope, akapitisha mkono kati ya vyuma. "Mama, niwie radhi."

"Nilishakusamehe zamani, we mtoto. Mbona umechelewa hivi?"

Yusna akamweleza, barua, mstari na yote. Mama alisikiliza, amekaza midomo.

"Nikifika mbele ya Kaaba nitamshtaki kwa Mungu. Anaitwa nani?"

Yusna alimtajia, na jina la baba yake Rifal pia, asije akashtakiwa mtu mwingine.