Muhuri wa Machinjio kwenye Barua ya Ruhusa

Nakiri mapema: nilipiga muhuri wa machinjio kwenye barua ya serikali. Barua yenyewe pia niliiandika mimi, kwa Kiingereza kizito chenye koti na tai.

Bodaboda ilimvunja mguu mdogo wangu wa kike, na shule yake iko juu kabisa mlimani. Mama, aliyekuwa mwalimu kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, kabla ya kuja kuuza vitenge Bwera, akawa anamfundisha nyumbani. Mtihani wa darasa la saba ulipokaribia, mwenzake wa sokoni akamtisha: mzazi anayeweka mtoto nyumbani anafungwa, na mtoto hafanyi mtihani. Mama akaacha kula. Basi mimi, mwanasheria wa kidato cha tatu, nikamtungia ruhusa ya kufundishia nyumbani, kana kwamba imetoka ofisi ya elimu Kasese.

Huku mpakani karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Mpangaji wetu alikuwa mkaguzi wa nyama, na muhuri wake ulikaa dirishani. Duara, herufi, wino wa zambarau. Nani husoma duara?

Mama alifurahi hadi akacheza. Halafu akavaa kitenge cha Misa. "Twende Kasese tuwaambie aksanti. Utanisemea Kiingereza."

Tukapanda gari, barua mkobani mwa Mama.

Ofisini, afisa wa elimu aliisoma barua, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Mama, muhuri unasema barua hii imepimwa, haina minyoo wala kimeta. Yafaa kwa mchuzi."

Ofisi nzima ililalia meza kwa kicheko. Mimi pia, Mungu anisamehe. Mama hakucheka.

"Na mutihani? Mutoto wangu atafanya?"

Afisa akajifuta machozi, akaeleza. Mama anayefundisha hafungwi. Sheria inataka mtoto asome. Ila mtihani hauandikishwi sebuleni. Tutafute shule ya karibu yenye kituo cha mtihani, mwalimu mkuu akubali kumsajili, tupeleke cheti cha kuzaliwa, naye afuate mtaala uleule wa wenzake. Usajili unafungwa Ijumaa. "Na hesabu, Mama. Hapo ndipo wengi wanaanguka."

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi tulikataliwa shule mbili. Ya tatu, mwalimu mkuu alimuuliza mdogo wangu, aliyekuja kwa magongo, maswali matano, akachukua kalamu, akaandika jina lake.

Nilianza kupiga vigelegele pale pale uani. Mama akanishika sikio, taratibu, kama anapima kitambaa.

"Hesabu hata mimi inanishinda. Kwa hiyo mwalimu ni wewe, kila siku. Na akianguka, utarudi darasa la saba, mukae naye dawati moja."