Mama Alivyomfunza Watasema Kumpokea Mtoto

Sisi tuliokulia Miono kabla Wadachi hawajashuka pwani hatukuzaliwa na akili nyingi kuliko watoto wa leo. Tulikuwa na kazi nyingi tu, na mtu mwenye kazi hapati nafasi ya kuwa mjinga kutwa nzima. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama mtupu, tukashukuru. Leo mtoto akinyimwa sukari kwenye chai ananuna mpaka adhuhuri, na mama yake anambembeleza. Tulikwenda chuoni kusoma Kurani na mbao zetu na wino wa masizi, na mwalimu alikuwa na fimbo ya mkwaju iliyojua majina yetu yote. Tukirudi tulitwanga, tukachota maji, tukafukuza ndege shambani, na jua likishapoa tulicheza mdako kwa kokoto mpaka kucha zikaisha. Chumvi na papa mkavu vililetwa kutoka Saadani, na harufu ya papa ilitufikia kabla ya waliombeba. Hakuna aliyeziba pua. Wajukuu zangu wanaziba.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mbwa. Wenzangu wa rika langu mnajua jambo hilo lilivyokuwa kwa watu wa swala. Mbwa najisi, mate yake najisi, akikugusa ukiwa na unyevu unakosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini nguruwe wa Miono hawakuwa na habari na swala. Walikuja kundi zima, wakaingia kwenye mtama, wakala kidogo na kukanyaga kingi. Baba akatafuta mbwa. Majirani wakasema sana, na baba akampa mbwa jina la Watasema.

"Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa," aliwaambia. "Asiyetaka aje alinde yeye."

Hakuja hata mmoja. Walichokuja nacho ni vikapu vya kuomba mtama wakati wa mavuno.

Watasema alikuwa mbwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limechanwa. Nguruwe mkubwa alimfukuza kwa kumbwekea. Kitoto cha nguruwe alikiua. Akisikia kitu kidogo kinalia kwa sauti nyembamba majanini, alikwenda kimya, na ile sauti ikakatika. Mwaka ninaousimulia alikuwa amekwisha kumuua mwanambuzi wetu aliyenasa kwenye miiba akawa analia. Baba alimpiga, lakini mbwa hakuelewa anapigwa kwa nini. Alikuwa amefanya kazi aliyofundishwa.

Mwaka huohuo mama alishika mimba. Baada yangu alikuwa amezaa mara mbili, na wote wawili tukawazika kabla hawajafikisha arobaini. Kwa hiyo tumbo lile halikutajwa kwa sauti pale nyumbani. Siku moja tu, ilipokuwa imebaki miezi miwili, baba alisema tukiwa tunakula, "Nitampeleka Watasema porini nikammalize kwa mkuki. Kichanga kinalia kama kitoto cha nguruwe."

Mama akaendelea kumega ugali. "Na mtama atalinda nani? Wewe?"

Baba akachovya tonge lake. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda kulala.

"Niachie mimi," mama akasema. "Siku nitakayojifungua ukae mlangoni na mkuki wako. Akivuka, mchome. Asipovuka, usinitajie tena."

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno laini. Aliwaona watu wengi kuwa ni mzigo, na hakuficha. Lakini kazi aliyoifanya ile miezi miwili sijaona mtu mwingine akiifanya, si kwa mbwa wala kwa mwanawe.

Alianza kwa majivu. Alichota majivu ya jikoni akachora mstari mpana uwanjani, kutoka pembe ya nyumba mpaka kwenye ua, ukapita kama hatua sita mbele ya mlango. Upande wa ndani ukawa wetu, wa nje ukawa wa Watasema, ambaye tangu utoto wake alikuwa akilala kizingitini. Akivuka alirudishwa. Hakupigwa hata mara moja. Mama alikwenda kusimama mbele yake na tumbo lake, akamwangalia, akasema, "Toka," na kusimama pale pale mpaka atoke. Siku ya kwanza nilihesabu mara kumi na tisa, kisha nikachoka kuhesabu. Mama hakuchoka. Baada ya siku nane mbwa alikuwa akifika kwenye majivu anaketi mwenyewe.

Kisha akatwaa boga, akalifunga kwa kaniki, akalibeba mgongoni. Alitwanga nalo, akafagia nalo, akaenda nalo kisimani. Akikaa alilipakata. Watasema alilinusa kwa mbali, akalizoea, akaacha kulijali. Watu wa Miono wakasema akili zimemruka kwa ajili ya wale watoto wawili. Walimpa pole njiani, naye akaitikia, "Ahsanteni, na ninyi poleni," bila kueleza ni pole ya nini.

Kazi yangu mimi ilikuwa kulia. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alinificha nyuma ya kiambaza, akaniagiza nilie kama kichanga, sauti nyembamba, ya kukatika katika. Mara ya kwanza Watasema aliinuka, manyoya ya mgongo yamesimama, akaja kimya kimya kama alivyokuwa akienda majanini. Nilimwona kwenye ufa. Nilisahau kulia kwa uongo nikalia kweli. Mama alikuwa amekaa katikati ya uwanja na boga lake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Lala." Mbwa akasimama kwenye majivu, akatetemeka mwili mzima, akarudi nyuma, akasimama tena. "Lala." Akalala. Mama akamtupia kichwa cha samaki. Nililia hivyo kila siku asubuhi na alasiri, mpaka jirani mmoja akaja na uji wa mzazi akidhani mambo yamekwisha. Mama aliupokea, akaunywa.

Ilipobaki wiki mbili, shangazi yangu Bi Zuhura, dada yake baba, akaja kutoka Bagamoyo mjini kumwuguza wifi yake. Bi Zuhura alikuwa na pete puani na udi kwenye nguo, na aliona kila kitu cha Miono kina vumbi, jambo ambalo ni kweli. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaniitikia "Marahaba" huku akiwa ameinua nguo yake asiguswe na mbwa aliyekuwa mbali mno naye. Kisha akamwona mama.

"Wifi, unalea boga?"

"Ndiyo. Halina maneno."

"Na huyo mbwa? Umepoteza watoto wawili, malaika hawaingii humu kwa sababu yake, na wewe unamchorea mistari?"

"Wale wawili walikufa kwa homa," mama akasema. "Mbwa alikuwa hajaletwa."

Mtu wa namna ya shangazi akikosa jibu hufagia. Alifagia uwanja wote tangu siku hiyo, mara mbili kwa siku, na mama akachora upya mstari mara mbili kwa siku.

Ndugu yangu alizaliwa mchana, jua likiwa kichwani. Baba alisimama mlangoni na mkuki. Mimi nilikuwa karibu na kinu, nimejiziba mdomo kwa mikono. Mkunga alisema kitu ndani, kisha ile sauti ikatoka, nyembamba, ya kukatika katika, na wallahi haikuwa na tofauti na kitoto cha nguruwe. Watasema aliinuka. Masikio mbele, mgongo umesimama. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye majivu. Akanyanyua mguu mmoja wa mbele. Baba akainua mkuki. Kutoka ndani, kwa sauti iliyochoka kabisa, nikamsikia mama akisema, "Lala."

Mbwa akashusha mguu upande wake wa mstari. Akalala, ulimi nje, anatetemeka. Baba hakuweka mkuki chini mpaka alasiri.

Jioni yake baba alichukua kitambaa alichofungiwa mtoto, akakining'iniza kwenye ncha ya fimbo, akampelekea mbwa anuse. Hayo pia yalikuwa maagizo ya mama. Watasema akanusa, akapiga chafya, akarudi kulala.

Ningeweza kuishia hapo, na kama kila mtu angekuwa na akili za yule mbwa ningeishia hapo. Siku ya saba palikuwa na akika. Mbuzi amechinjwa, wageni wamekuja, na shangazi tangu alfajiri alikuwa amefagia uwanja mpaka unang'aa. Mama alikuwa ndani ananyolewa na kuogeshwa kwa desturi ya uzazi, hakujua kwamba mstari haupo. Mtoto alilazwa kwenye mkeka kivulini, ubavuni mwa nyumba, shangazi akiwa wa kumwangalia. Shangazi alimwacha akaenda kuwaonyesha wanawake jinsi pilau inavyopikwa Bagamoyo. Mtoto akalia.

Watasema aliinuka, akaja mpaka pale palipokuwa na majivu siku zote. Akanusa ardhi kushoto, akanusa kulia. Alitafuta mpaka wake, siwafichi, alitafuta kweli. Hakuuona. Akaendelea polepole, kichwa chini, mpaka kwenye mkeka, akamtazama mtoto anayelia, kisha akajilaza kwenye ukingo wa mkeka kama alivyozoea kulala akisikia sauti ile. Hakufanya zaidi ya hapo.

Shangazi akageuka. Alikuwa na mchi mkononi. Akautupa.

Ulipita juu ya kichwa cha ndugu yangu, ukaangukia mguu wa nyuma wa Watasema, ukauvunja. Mchi ule ungeshuka kidogo tu, tungezika mtoto wa tatu. Wanawake wakapiga mayowe, mbwa akajiburuta mpaka ng'ambo ya uwanja, na shangazi akamkumbatia mtoto akilia kwamba amemtoa mdomoni mwa mbwa.

Mama alitoka, nywele nusu zimenyolewa. Akamchukua mtoto, akamkagua kidole kwa kidole. Akamtazama mbwa, akautazama mchi, akautazama uwanja uliofagiliwa.

"Auawe leo leo," shangazi akasema. "Kaka, uliahidi. Amevuka."

Baba akamgeukia mama. Wageni wote wakamgeukia mama.

"Amevuka nini?" mama akauliza.

Akampa mkunga mtoto. Kisha mzazi wa siku saba, ambaye kwa desturi hata kijiko hakiinui, akauvuta ule mkeka mpaka penye mtungi, akapiga magoti, akaukosha mbele ya watu wote. Mara ya kwanza kwa udongo, akisugua ukili mmoja mmoja. Kisha maji matupu, mara sita, akihesabu kwa sauti. Wanawake walimwambia, "Acha, tutakosha sisi." Aliendelea kuhesabu. Alipofika saba aliuanika uani, akanyoosha mgongo, akasema, "Mkeka wangu ni safi. Mtoto wangu ni mzima. Mbwa anabaki. Haya, kuleni."

Wakala. Shangazi aliondoka kesho yake, na Bagamoyo nzima ikasimuliwa jinsi alivyomwokoa mtoto wa kaka yake kutoka kinywani mwa mbwa. Walimsifia kwa hilo mpaka siku ya kufa kwake. Nilikuwepo mazikoni, nikasikia linatajwa tena, nikanyamaza kwa heshima ya maiti.

Watasema alipona kwa miguu mitatu, na mbwa wa miguu mitatu hafukuzi nguruwe. Msimu ule baba alilinda shamba mwenyewe, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na nguruwe wakamzoea. Tulikula muhogo mkavu mpaka mvua za mwaka wa pili. Mama hakulalamika, ila kila akimwekea baba sahani alimwuliza, "Leo wamekusalimu?" Mbwa alikaa nasi miaka miwili zaidi. Ndugu yangu alijifunza kusimama kwa kushika mgongo wake, na kila alipoushika mama alimkosha mikono mara saba, bila kumkemea yeye wala mbwa. Leo ndugu yangu ni mtu mzima, anaswali safu ya mbele, na akimwona mbwa anaokota jiwe. Nikimsimulia haya anasema nimezeeka, nazua.

Labda. Lakini wiki iliyopita mke wa mjukuu wangu Athumani amejifungulia hapa kwangu. Athumani anafanya kazi Dar es Salaam, anavaa kofia ya jua hata ndani ya nyumba, na amekuja na mbwa wa kizungu aliyepewa na tajiri wake, mkubwa kama ndama. Nguo za mtoto wameshona tangu mwezi wa nne. Mnyororo wamenunua. Mbwa amefungwa nyuma ya nyumba, na kila mtoto akilia anaruka mpaka shingo inamchubuka, na Athumani anatoka na fimbo kumnyamazisha. Nikamwuliza kama kuna aliyemwambia huyu mnyama kwamba mtoto anakuja. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Bibi, mbwa ni mbwa tu."

Mama alikuwa na miezi miwili, na magoti mazima. Mimi nina siku thelathini na tatu mpaka arobaini iishe, na magoti yangu hayainami. Kwa hiyo nimehamisha kiti changu. Kutwa nakaa kati ya mlango na ule mnyororo, mtoto akilia naligeukia lile jitu la kizungu, naliambia "Lala," taratibu, mara kumi na tisa, mara ishirini. Vijana wanapita wanacheka. Jana, baada ya adhuhuri, lilikaa.