Makopa Juu ya Mashine ya Asumini

Nikienda sokoni Newala siku hizi navuta ushungi mpaka puani, na mkiniona mkadhani ni baridi ya huku juu mmekosea, ni aibu. Afadhali niwaeleze mwenyewe, maana mkingoja kuelezwa na jirani yangu Fatu Nangwale mtaambiwa nilipika ubwabwa juu ya mashine ya mjukuu wangu, na mimi ubwabwa sikupika. (Nilianika makopa ya muhogo.)

Mjukuu mwenyewe ni Asumini, binti wa marehemu mwanangu Rashidi, ndiye pekee niliyebaki naye nyumbani. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi na mashine moja nyeusi, kubwa kama kreti mbili za soda, akaiweka chumba cha nyuma pamoja na betri za sola na nyaya zake. Nikamwuliza inafanya nini, akanieleza, nami nikaelewa, msicheke. Alisema kuna kitu kipya kinaitwa blokcheni, mnyororo wa kumbukumbu ambao kikishaandikwa kitu humo hakuna wa kukifuta, awe mkubwa awe mdogo. Vijana wanatengeneza programu za simu za kuutumia, huyu ya korosho, yule ya viwanja, lakini programu haiongei na mnyororo hivi hivi, lazima ipitie kwenye mashine iliyo macho wakati wote, wenyewe wanaiita nodi, na si kila kijana ana uwezo wa kuwa na yake. Basi Asumini kaweka moja, wote wapite hapo: Saidi Mkwanda wa Tandahimba, Neema Chitanda wa Masasi, na wenzao.

"Ni kama kisima, Bibi," akasema. "Mmoja kachimba, mtaa mzima unachota."

Mwambie mtu wa Newala, kwenye shida ya maji, habari za kisima uone kama hataelewa.

Sasa wenye mnyororo huo, kampuni ya Dar, walikuwa wamtume mtu aje aione ikifanya kazi mbele ya vijana. Ikifanya vizuri wataleta nyingine, na Asumini atazisimamia akiwa hapa hapa kwangu. Ikishindwa itahamishwa, naye ataifuata. Mimi mambo ya mnyororo niliwaachia wenyewe, nilichotaka ni mtoto abaki. Na sharti alilonipa lilikuwa jepesi, akiwa anaondoka kwenda Masasi kuwakusanya wenzake: "Bibi, usiizime, na maji yasiifikie."

Sikuizima. Maji hayakuifikia.

Ila mvua ilishika. Huku kwetu mvua hatuilaani, ndiyo tunayoikinga batini tukainywa, lakini makopa yangu yalikuwa bado mabichi na ukungu ulikuwa umelala juu ya mtaa kama blanketi, muhogo ukaanza kuota madoa meusi, na makopa meusi unga wake mchungu, nani atakula? Nikaingia chumba cha nyuma kutafuta ungo, lo, kukavu! Mashine inapuliza joto kwa nyuma, fuu, kama kaskazi ya kwake peke yake. Nikasimama pale nimeshika ungo. Nikasema, joto lenyewe linapotea bure. Nikaweka ungo mmoja wa makopa juu yake, mmoja tu, na kesho yake makopa yakalia kha kha kha kama mifupa.

Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Nikamwonyesha Fatu. Fatu akamwonyesha Mama Deus, aliyeolewa huku kutoka Lulindi, mama wa kanisani mwenye huruma zake, lakini siku hiyo alikuja na gunia. Nanyi mnajua desturi yetu, jirani akiona kwako kuna moto haombi ruhusa, anakuja na kijinga chake, anawasha, anaondoka, na ukimnyima moto kesho huna wa kukuzika. Ningewanyimaje? Tukajaza juu, tukajaza mbele, na kule nyuma kwenye joto tamu Fatu akaegesha nyungo tatu, na kila akija anavunja makopa pale pale kuona kama yamekauka ndani, unga unaruka, mashine inauvuta kwa mbele kama mvuta ugoro.

Ikaanza kukoroma. Asumini akapiga simu kutoka Masasi.

"Shikamoo Bibi. Mashine inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Inakoroma vizuri tu."

Akacheka. Alidhani utani, na mimi nikamwacha adhani.

Siku yenyewe Asumini na wenzake wakafika kutoka Masasi kwa gari la mgeni, wakaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa mikutano hapa mjini bila kupitia nyumbani, nami nikaletewa pikipiki. Nilivaa kanga mpya, nikawekwa kiti cha mbele, na mgeni, mama mmoja wa heshima anaitwa Devota, akanisalimu kwa kupiga goti kidogo. Kichwa kikavimba. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Bibi, tunasikia wewe ndiye mlinzi. Unaitunzaje?" Mtu mwenye akili angejibu namshukuru Mungu akakaa. Mimi nikasimama! Nikasema mashine ile naitunza kama mwali ndani, kwamba tangu mvua ianze haijaguswa na unyevu hata kidogo, pale ndani pakavu kuliko nyumba yoyote ya Newala. Wakapiga makofi. Asumini akanitazama kwa fahari ambayo mpaka leo inanichoma.

Saidi Mkwanda akawa wa kwanza. Akabonyeza simu yake, programu ya korosho, akatulia. Akabonyeza tena.

"Haijibu," akasema.

"Hata kwangu," akasema Neema Chitanda. Na mwingine nyuma, "Kwangu pia kimya."

Asumini akafungua kompyuta yake ya mapajani, akaandika, akaandika tena, jasho likamtoka kwenye baridi ile. "Mtandao upo," akamwambia Devota. "Ni mashine haiitiki. Nyumbani si mbali, twendeni tukaione."

Twendeni! Ukumbi mzima ukainuka. Mimi moyo ukaniambia, ukifika kwanza utayaondoa. Nikatoka mlango wa nyuma, nikapita uchochoro wa kwa Mzee Athumani Likwata, bibi mzima nakimbia nimeshika kanga kwa meno, watoto wanaitana, "Njooni mwone, bibi anakimbia!" Nikafika, nikazoa ungo wa kwanza, wa pili, nikakumbatia gunia la Mama Deus nilivute nje, gunia likapasuka katikati ya mlango, makopa yakamwagika mpaka uani, nami juu yake, uso mweupe kwa unga. Nilipoinua kichwa, viatu vya Devota viko mbele yangu, na nyuma yake ukumbi wote.

Mngedhani yameishia hapo. Fatu akatokea upande wa pili na beseni kichwani, hajui hili wala lile, akapaza sauti:

"Mama Rashidi! Ya jana yamekauka? Nimeleta mengine!"

Walicheka wote. Saidi alicheka mpaka akashika ukuta. Asumini peke yake hakucheka. Akapita juu yangu taratibu, akaingia, akafungua ubavu wa mashine, unga ukamiminika miguuni pake kama kwenye kinu. Mapanga ya feni ya kuipoza yalikuwa yameganda, na ndani kunanuka kuungua. Nikasema, "Mwanangu, maji hayakuifikia," na niliposikia sauti yangu mwenyewe nikatamani ardhi inimeze.

Devota hakufoka. Alisema kwa upole tu kwamba vijana wengi wameegemea mashine hii, ikilala wote wamelala, kwa hiyo haiwezi kukaa nyumba ya kuishi watu. Itapelekwa nyingine Masasi, kwenye chumba cha kufungwa kwa kufuli, na msimamizi akae nayo huko huko.

Mtasema Masasi si mbali, ni kuteremka mlima tu. Ni kweli. Lakini jioni nikisonga ugali nausonga wa mtu mmoja, na mkono haujazoea, kila siku unabaki.

Siku ya kuondoka nilingoja anigombeze, nilikuwa nimejiandaa. Akanifunga vizuri ushungi wangu, akasema, "Bibi, ungenipigia tu simu ukaniuliza." Basi, akapanda gari. Afadhali angenitukana. Nimeapa, kitu cha mtu nikiachiwa nitakilinda nikiwa mlangoni, sikai karibu nacho, hata kikitoa asali. Sema sasa hakuna anayeniachia kitu.