Muuza mawese anayetaka kuona sombe kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, Kavira Jokébed ameinama juu ya pipa la mawese lililo motoni uani kwake Vulamba, mjini Butembo. Anaondoa povu kwa upawa mrefu, kisha anatega sikio. Mafuta yanalia, pwata, pwata. Bado yana maji.

Yametoka Beni kwa baiskeli. Kwenye kila kizuizi wanajeshi hujichotea, na kila baada ya kizuizi msukuma baiskeli huongeza maji ili kidumu kionekane kimejaa. "Barrière zikikuwa mingi, tunauzisha supu," anasema.

Mama mmoja anaingia na chupa tupu mkononi, na fungu la sombe, majani ya mihogo, kwapani.

"Mafuta ya sombe, Mama Shekinah."

Jokébed analichukua fungu, analigeuza, anakagua kamba ya mgomba iliyolifunga.

"Iyi sombe ilikuja hapa jana mara mbili. Inaisha kuchoka kunisalimia. Mupeleke bwana yako kwa infirmier, akamupime."

Mteja anacheka, anatoka. Ng'ambo ya ua sauti inasikika ikiuliza: "Amekatala?"

Kwa kawaida Jokébed huuza vidumu viwili kwa juma. Mwezi huu wa vita, wakati wengi wanauza hata mabati ya nyumba, angeweza kumaliza pipa zima asubuhi moja. Badala yake anafukuza watu, na aliyemletea balaa hilo analala naye kitanda kimoja.

Mumewe, Mathe Zorobabel, ni fundi cherehani na shemasi. Ana ugonjwa wa sukari. Chupa yake ya insulini hukaa ndani ya chungu cha maji baridi nyuma ya pazia, na huko ndiko hujidunga, pazia likiwa limefungwa.

Mwaka huu wa 2003 alisikia redioni kwamba watafiti wa ng'ambo wamegundua jambo: chembe za kongosho zitoazo insulini zina kipokezi kinachotambua asidi za mafuta. Mafuta yakikigusa, chembe hutoa insulini zaidi.

"Kongosho iko na mulango ya mafuta!" Zorobabel alimwambia mkewe. "Na mu Butembo, nani iko na mafuta kupita siye?"

Akaanza kunywa kikombe kila asubuhi. Jumapili akasimama kanisani, akatoa ushuhuda wa mawese yanayotuliza sukari, uliowainua watu vitini. Sindano hakuitaja.

Jirani yao Edmond, seremala, aliamini kila neno. Aliacha insulini, akanywa mawese. Siku chache baadaye alianguka juu ya ubao aliokuwa akiuranda, akapelekwa kituo cha afya amelazwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Sasa amepata nafuu, ila hataki kuona hata mchicha uliokaangwa.

Muuguzi Syauswa Phinées, aliyempokea, hana hasira na redio.

"Haikudanganya," anasema taratibu. "Mulango iko. Lakini inasaidia chembe yenye ingali na nguvu, wakati sukari iko mu damu. Kama chembe zinaisha kufa, unagongea nyumba tupu. Na mafuta mingi, siku nyingi, inachokesha hata zenye zilibakia. Watafiti bangali banatafuta dawa. Hapana kikombe ya mawese."

Jokébed alimwelewa haraka. "Siku hizi batu banagonga mulango magaribi, nani anafungua? Kugonga haiko kufungua."

Ndipo akaanza kudai sombe: asiye na mboga ya kupika hauziwi mafuta ya kunywa. Mumewe alipogoma kusahihisha maneno yake, akiona si heshima shemasi kurudi nyuma, Jokébed alifunga mafuta hata jikoni kwake. Zorobabel alikula sombe kavu.

"Ni majani ya mbuzi," analalamika.

"Mbuzi hatoake ushuhuda," mkewe anajibu.

Katika kanisa lao, ushuhuda hurekebishwa kwa ushuhuda, mahali pale pale. Kesho ni Jumapili. Jioni hii Zorobabel anasimama kando ya pipa kufanya mazoezi.

"Bandugu, mafuta ni sumu…"

Upawa unagonga pipa. "Papa Shekinah! Sasa tutakula nini?"

Anaanza upya. Anaueleza mlango vizuri kabisa, anamtaja Edmond, kisha anakwama.

"Sindano," Jokébed anamkumbusha.

"Lakini batajua shemasi anajichomaka."

"Bajue. Edmond alianguka juu ya ile neno moja uliacha."

Mafuta yanalia.

Giza linakaribia, na siku hizi moto hauachwi uwake nje kwa sababu ya wenye bunduki. Jokébed anamwagia kuni maji, anafunika pipa. Mafuta hayajaiva na ushuhuda haujafika mwisho. Anatumaini kwamba Jumatatu atauza bila kukagua majani ya mtu.

"Asubui, mbele ya kwenda kanisa, utasema tena," anamwambia. "Sindano itangulie."

"Itangulie?"

"Itangulie. Mulango ifwate."

Zorobabel anaingia ndani kujidunga. Safari hii pazia analiacha wazi, na sauti yake inatoka huko:

"Na sombe ya leo?"

"Kavu," anasema Jokébed. "Mpaka kesho."