Changarawe za Maganzo

Kazi yangu ni kutengeneza picha za kujirudia. Mtu anayechora michezo ya kompyuta akitaka ukuta mrefu wa udongo, hauchori wote. Anachukua kipande kimoja nilichomtengenezea, anakipanga kama vigae, na kazi ikiwa nzuri jicho halijui kipande kimoja kinaishia wapi. Naifanyia chumbani kwangu, Shinyanga mjini, na malighafi naiokota humu humu: mabati yenye kutu, magunia ya pamba, matope yaliyokauka yakapasuka.

Mwaka juzi bosi wangu aliyeko Dar es Salaam alitaka changarawe. Za mtandaoni nilikuwa nimezichoka, kila mchoraji anazo zile zile. Nikaenda Maganzo, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa almasi. Nilichagua siku ya mawingu, maana jua likiwaka kila jiwe linaweka kivuli, na kivuli ndicho kinachokufichua picha ikijirudia.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo akichekecha changarawe peke yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamweleza shida yangu.

"Naomba kupiga picha haya mawe, mama. Wewe sitakupiga."

Akacheka. "Piga tu. Mawe hayana aibu."

Niliinama juu ya lile rundo la changarawe zilizooshwa, simu nimeilaza sawasawa na ardhi, nikapiga picha kama thelathini. Sikumsikia mwenye shimo akija. Nilichoona ni viatu vyake vya mpira, vimesimama juu ya changarawe nilizokuwa napiga.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Napiga mawe kwa ajili ya kuchora."

"Mawe ya kuchora yako kila mahali. Kwa nini haya yangu?"

Nikamwambia nimeruhusiwa, nikamwonyesha yule mama. Akamuuliza kwa Kisukuma, akidhani sielewi. Kisukuma ndiyo lugha niliyolelewa nayo. Mama yule alijibu bila kuniangalia: "Sijamruhusu. Nimegeuka nikamkuta kainama hapo."

Nilimjibu kwa Kisukuma hicho hicho kwamba anasema uongo. Nilikosea. Mpaka hapo nilikuwa mgeni mjinga tu. Sasa mwenye shimo akaniona mtu wa hapa hapa niliyejifanya mgeni, niliyetumwa na dalali kuja kupeleleza shimo linatoa nini.

"Mkague," alimwambia yule mama.

Wachimbaji watatu wanne walikuwa wameshasogea. Mama yule alifungua mkoba wangu akaumwaga chini: kalamu, kitana, chupa ya maji, kitambaa. Akanivua viatu akapapasa katikati ya vidole vyangu vya miguu. Akaingiza mikono kwenye nywele, akafumua msuko mmoja mmoja, kwa vidole vigumu vyenye matope. Halafu akaniambia nifungue mdomo. Nilimwangalia machoni. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayechagua mchele.

"Hana kitu," alisema.

Mwenye shimo alinisimamia nikafuta picha zote, moja baada ya nyingine, huku akihesabu kwa sauti. Kisha akasema, "Nikikuona tena hapa, hutaondoka kwa miguu yako." Niliokota vitu vyangu nimechutama, mbele yao wote. Mama yule alikuwa ameshaanza tena kuchekecha.

Simu yangu haipotezi picha mara moja. Inaziweka pembeni siku kadhaa. Nilipofika nyumbani nilizirudisha zote kabla hata sijaoga. Nikachagua moja, nikaikata vipande vinne nikavibadilisha nafasi, ili kingo zije katikati na mshono uonekane. Kisha nikaanza kuuziba mshono ule kwa kunakili mawe ya jirani. Kwenye kona moja ulikuwa umeingia mguu wa yule mama, na ukucha uliopasuka. Kitu kama hicho hakiachwi, kinavuta jicho. Kwa kawaida ningeikata kona ile nikaendelea. Siku hiyo niliufuta mguu kidogo kidogo, kidole baada ya kidole, nikaweka changarawe juu yake. Sitaficha: nilifurahi. Nimejaribu mara kadhaa kuionea haya furaha ile, nimeshindwa.

Ikatoka picha bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ukiitandaza mpaka ijaze kioo kizima, hupati mahali pa kusema hapa ndipo inaporudia. Bosi aliiweka chini ya maji ya mto katika mchezo wao mpya, akanipigia kunipongeza.

"Rudi hapo hapo," alisema. "Niletee nyingine tatu, na moja iwe imelowa."

Nikamwambia mashimo yale yamefungwa, watu wote wameondoka. Aliniamini, akaomba magome ya miti badala yake. Mashimo hayakufungwa. Kwa ninavyojua yule mama bado yupo anachekecha, na sijawahi kumtakia heri.