Macho Yaliyomfunga Binti wa Jirani

Nilipokuwa mwalimu Lisekese, majirani waliniletea barua zao niwasomee. Nilipotimiza miaka arobaini na sita, herufi zikaanza kunikimbia. Nilizifukuza kwa kunyoosha mkono, mpaka mkono ukaisha. Sikumwambia mtu. Nilisingizia koroboi, nikasingizia na wino wa siku hizi.

Jioni moja alikuja jirani yangu, aliyenizidi miaka michache, na barua ya mkwewe wa Newala. Binti yake alikuwa huko, mjamzito, siku zake zimekaribia. Nikaisogeza barua mbali, nikasoma kwa sauti ya darasani: "Mama, binti yako amefungwa juzi."

"Amefungwa! Na mimba ile? Kosa gani?"

"Haisemi. Inasema hospitali. Labda ndiko walikomkamatia."

Akapiga yowe, akakimbilia kwake kufunga furushi aende polisi Newala. Mimi nikatoka uani, kulikokuwa bado na mwanga, nikaiweka barua juu ya kichanja cha vyombo, nikarudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo neno likatulia: amejifungua.

Nilimkuta amekwisha vaa viatu. Nilipomweleza, alikaa chini, akavivua.

"Mwalimu," akasema, "macho yako yamemfunga mwanangu."

Jumamosi alinipeleka sokoni Masasi mwenyewe, kama mgonjwa asiyeaminika. Barua aliifunga kwenye pindo la kanga. Alisema mtihani wangu ni barua ileile.

Zamani miwani ilikuwa mpaka umsubiri daktari wa misheni. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na pale sokoni, kati ya sabuni za kigeni na mitumba, mzee mmoja alikuwa ametandaza miwani juu ya turubai, kila moja na kikaratasi cha namba kwenye kioo.

Jirani alinichagulia yenye fremu ya dhahabu. "Hii ina heshima."

Nikaivaa. Heshima ilikuwepo, herufi hazikuwepo.

"Hiyo namba ndogo, mama," akasema muuzaji. "Jaribu mbili."

Fremu ya namba mbili ilikuwa ya kahawia, nene, imekaa kama dirisha la ghala. Lakini nilipoishusha barua kifuani, mistari yote ilikuwa imejipanga. Nikasoma tangu mwanzo, na watu wakasogea kusikiliza. Chini kabisa pembeni, mahali nilipodhani ni doa, palikuwa na maandishi madogo kama chawa: "Nilisahau kusema, ni mapacha."

Jirani alipiga kigelegele, wauza mitumba wakamwitikia. Kisha akaninyang'anya miwani, akaivaa yeye. Hajui kusoma, lakini alikagua kucha zake, akakagua maua ya kanga yake, halafu akanigeukia uso kwa uso.

"Mwalimu! Kumbe na wewe umezeeka!"

Ikabidi tununue mbili. Ya kwake alitaka fremu ya dhahabu kama ile, ila ya namba kubwa zaidi, ya kuchagulia mawe kwenye mchele.

Jumatatu alipanda lori la Newala, mbeleko mbili kwenye furushi, miwani puani. Nilimwambia aivue, ya karibu hiyo, kwa mbali ataona ukungu mtupu. Akakataa. Aliwapungia mkono watu wote waliosimama barabarani, na mwisho akaupungia mkorosho.