Wauguzi Wenye Waume

Nilifunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu nikarudisha kofia na aproni. Ndiyo ilikuwa kanuni ya hospitali yetu ya misheni pale Masasi, enzi za Mwingereza: muuguzi akiolewa, kazi basi. Sista mkuu, Mzungu mrefu mwenye mwendo wa haraka, alinipa mkono, akanitakia heri, macho yamemwiva kwa machozi. Nikapanda lori kwenda Newala, alikofundisha mume wangu.

Kazi niliikumbuka kuliko nilivyotazamia. Nilianika makopa ya muhogo, niliteremka bondeni kuchota maji na wenzangu, na njiani walinionyesha vidonda vya watoto wao. Kisha nikajifungua binti.

Alipokuwa bado ananyonya, surua ikaingia. Wodi ya watoto Masasi ilifurika hadi barazani, na wauguzi walikuwa wasichana wachache tu. Asubuhi moja Sista akatokea uani kwetu, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Alimwamkia mama mkwe wangu, tuliyeishi naye, shikamoo kwa lafudhi yake ngumu, akaketi mkekani, akaniomba nirudi mpaka ugonjwa uishe.

Nikamwuliza, "Na ukishaisha, Sista?"

 Bila kungoja jibu nikamwambia sisi tulioolewa tuko wengi, Lukuledi, Makote, kila mahali, na kazi hatujaisahau. Atuite wote, na atuache tubaki. Sikuwa nimewahi kusema naye hivyo.

Akauliza mtoto atakaa na nani. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilimtosha, akanitangulia kujibu.

"Na mimi. Tutakwenda wote Masasi, tukae nje ya wodi. Akilia, mama yake anatoka, ananyonyesha, anarudi."

Sista akacheka, akasema atakwenda mwenyewe kwa wakubwa wake kutuombea tubaki. Mume wangu naye alikubali, ila akauliza nani atampikia. Mama yake akamwonyesha jiko.

Tulirudi wengi. Kivuli cha wodi kikajaa mabibi wenye wajukuu mgongoni, wakisimuliana kwa Chimakonde na Chiyao. Watoto walipona, wodi ikapungua, na hakuna aliyetuambia tuondoke. Wakubwa walikuwa wameridhia.

Mama mkwe ndiye aliyezoea kupita kiasi. Alianza kuwapanga wagonjwa wa nje foleni, akiwakemea wanaoruka zamu, na hata Sista alipita taratibu mbele yake.